Sababu ya kuanza vita ndiyo mpaka wake

Asubuhi ya Februari 28, 1991, mizinga ilinyamaza kusini mwa Iraq. Mapigano ya nchi kavu yalikuwa yamechukua saa 100 tu. Jeshi la Saddam Hussein lilikuwa limefurushwa Kuwait, barabara ya kwenda Basra imejaa mabaki ya magari yaliyoungua, na mbele ya vifaru vya Marekani njia ya Baghdad ilikuwa karibu wazi. Rais George H. W. Bush akaamuru visimame. Machi 2003 vifaru vya nchi ileile viliingia Iraq kumfuata adui yuleyule, na mara hii havikusimama mpaka vilipofika katikati ya Baghdad. Aliyeviamuru alikuwa mtoto wa yule aliyevisimamisha.

Wapo wanaoeleza tofauti hiyo kwa tabia: baba alikuwa mtu wa tahadhari, mwana alikuwa na papara. Huenda. Lakini naona jibu zito zaidi liko kwenye karatasi. Mwaka 1991 kulikuwa na sababu moja iliyoandikwa. Azimio namba 678 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa Novemba 29, 1990 kwa kura 12, Cuba na Yemen zikipinga na China ikijizuia, liliziruhusu nchi zilizoshirikiana na Kuwait kutumia njia zote zinazohitajika ili Iraq iondoke Kuwait, na ili amani na usalama virejee katika eneo hilo. Iraq ilipoondoka, kazi ikawa imekwisha. (Yale maneno ya mwisho, kuhusu amani ya eneo zima, yangeweza kuvutwa yakarefuka. Miaka 12 baadaye yalivutwa kweli, na tutayarudia.) Mwaka 2003 sababu zilikuwa nyingi kiasi kwamba hakuna hata moja iliyoweza kumwambia askari asimame wapi.

Kila mara nchi inapotaka kuipiga serikali adui, mjadala wa hadharani huganda kwenye swali moja: je, utawala ule ni mwovu? Picha huletwa, makaburi huonyeshwa, waliotoroka hutoa ushahidi, na mara nyingi yote ni kweli. Swali hilo halitoshi. Yapo mawili yanayopaswa kuulizwa juu ya kila sababu, moja moja, bila kuchanganya: sababu hii ikisimama peke yake inatosha kuua watu? Na ikishatimizwa, inatuamuru tukomee wapi?

Milango miwili

Kwa karne nyingi vita vilikuwa haki ya mtawala, kama kutoza kodi. Wanazuoni wa Kanisa walijaribu kuviwekea masharti. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alitaka matatu: vitangazwe na mwenye mamlaka halali, viwe na sababu ya haki, na anayevipigana awe na nia njema. Masharti hayo bado yana thamani, ila hayakuwa na hakimu. Kila mfalme alijipima mwenyewe na kujikuta amefaulu.

Baada ya vita viwili vya dunia mlango ulibanwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, uliotiwa saini San Francisco Juni 26, 1945, unasema katika ibara ya 2 kwamba nchi wanachama zijiepushe kutumia nguvu, au hata kutishia kuitumia, dhidi ya mipaka na uhuru wa nchi nyingine. Zikabaki njia mbili halali. Ya kwanza ni ibara ya 51: nchi ikishambuliwa kwa silaha ina haki ya kujihami, peke yake au kwa kusaidiwa, mpaka Baraza la Usalama lichukue hatua. Ya pili ni Baraza lenyewe kuruhusu nguvu, jambo ambalo lolote kati ya mataifa matano makubwa linaweza kulizuia kwa kura ya turufu.

Tazama yasiyomo. Serikali kutuchukia, kututukana, kuwatesa wananchi wake, kuwahifadhi wapinzani wetu au kumiliki silaha tunazoziogopa, hakuna hata moja kati ya hayo ambalo kwa lenyewe ni shambulio la silaha. Hata kuwapa waasi bunduki hakufiki hapo moja kwa moja. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika hukumu ya mwaka 1986 kwenye kesi ya Nicaragua dhidi ya Marekani, ilisema kuwapa waasi silaha na misaada kunaweza kuwa kuvunja sheria, lakini si lazima kuwe shambulio la silaha linalofungua haki ya kujibu kwa vita. Jambo hili huwakera wengi, na nawaelewa, kwa sababu serikali adui za leo huumiza zaidi kwa mkono wa wengine kuliko kwa jeshi lao. Ila fikiria kinyume chake: kama kila bunduki iliyovushwa mpakani ingehalalisha uvamizi, ni nchi zipi mbili jirani zingebaki na amani?

Kujihami kuna mipaka yake hata pale ambapo shambulio ni la wazi. Jibu lazima liwe la lazima, na lilingane na hatari inayozuiwa. Anayejihami hulipwa haki ya kusimamisha mashambulizi. Haki ya kuitengeneza upya nchi ya adui haimo katika malipo hayo.

Mawingu na mvua

Dalili ya mvua ni mawingu, na hapo ndipo ugomvi mkubwa ulipo. Je, ni lazima nisubiri nipigwe ndipo nijihami? Hakuna mtu mwenye akili anayesema mlinzi angoje risasi imfikie. Tatizo ni kupima wingu.

Kipimo kinachotajwa hadi leo kilitokana na meli ndogo. Usiku wa Desemba 29, 1837, wakati wa uasi nchini Kanada, askari wa Uingereza walivuka Mto Niagara wakaingia upande wa Marekani, wakaiteka meli ya Caroline iliyokuwa ikiwapelekea waasi vifaa, wakaichoma moto na kuiachia mkondo uichukue. Uingereza ikasema ilijihami. Mwaka 1841 Daniel Webster, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alijibu kwamba anayedai hivyo athibitishe kuwa haja ya kujihami ilikuwa ya papo hapo, ya kulemea, isiyoacha njia nyingine wala nafasi ya kutafakari. Lililokusudiwa kumaliza mzozo wa meli moja likawa kipimo cha dunia.

Mwaka 1967 tunaona kesi inayokaribia kukidhi kipimo hicho, ingawa bado inabishaniwa. Mei mwaka huo Misri iliwataka walinda amani wa Umoja wa Mataifa waondoke Sinai, ikasogeza jeshi na kuufunga mlango-bahari wa Tiran kwa meli za Israel. Juni 5 Israel ikaziangamiza ndege za Misri zikiwa bado chini. Majeshi yalikuwa yamejipanga mpakani, siku zilikuwa zikihesabika. Kinyume chake ni Juni 7, 1981: Israel hiyohiyo ilipolipua kinu cha nyuklia cha Osirak karibu na Baghdad, Baraza la Usalama lililaani kwa kauli moja, Marekani ikiwemo. Hatari ya kinu ile ilikuwa ya miaka ijayo. Mwaka 1967 watu waliona mvua ikinyesha kwa jirani, ilhali mwaka 1981 waliambiwa kuna msimu unakuja.

Serikali ya George W. Bush, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, iliona kipimo cha Webster kimepitwa na wakati. Mkakati wake wa usalama wa Septemba 2002 ulisema wazo la hatari ya papo hapo lirekebishwe kuendana na maadui wa leo. Oktoba 7 mwaka huo, akihutubia Cincinnati, Bush alisema hawawezi kusubiri ushahidi wa mwisho ambao ungekuja kama wingu la uyoga, yaani mlipuko wa nyuklia.

Ile hoja inahitaji kutazamwa polepole kwa sababu ina nguvu ya kutisha. Inageuza kutojua kuwa ushahidi. Ukijua kidogo juu ya silaha za adui, hofu yako inakua, na hofu ikikua inakuwa sababu ya kupiga. Adui akikana, anaficha. Wakaguzi wasipokuta kitu, wamechezewa. Hakuna jambo ambalo mtuhumiwa anaweza kulifanya likamwokoa. Sababu isiyoweza kukanushwa na tukio lolote haifai kupeleka watu vitani, hata kama anayeitoa anaiamini kwa dhati.

Tena katika kesi hii palikuwa na njia nyingine, na ilikuwa inatumika. Azimio namba 1441, lililoitaka Iraq iwafungulie milango wakaguzi wa silaha wa Umoja wa Mataifa, lilipitishwa Novemba 8, 2002 kwa kura zote 15, na wakaguzi walirudi kazini Iraq kabla mwezi huo haujaisha. Machi 7, 2003 mkuu wao, Hans Blix, aliliambia Baraza la Usalama kwamba kazi iliyobaki haingechukua miaka, wala wiki, bali miezi. Chini ya wiki mbili baadaye mabomu yalianza kuanguka Baghdad. Kwa kipimo cha Webster, miezi ile ndiyo hukumu: nafasi ya kutafakari ilikuwepo, na njia nyingine ilikuwepo.

Dhalimu anapowaua watu wake

Hii ndiyo sababu inayogusa moyo kuliko zote, na nakiri ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Mwaka 1994 takriban watu 800,000 waliuawa Rwanda kwa siku 100 na dunia ikatazama. Baada ya hapo, nani ana ujasiri wa kusema mipaka ya nchi ni mitakatifu kuliko watu?

Cha ajabu ni kwamba katika miaka ya 1970 tawala tatu katili zilikomeshwa na majeshi ya jirani, na hakuna jirani hata mmoja aliyetegemea ukatili huo kuwa utetezi wake mkuu. India ilipoingia Pakistan ya Mashariki (Bangladesh ya leo) Desemba 1971, ikiwa imebeba wakimbizi wapatao milioni 10, ilitaja kwanza mashambulizi ya ndege za Pakistan kwenye viwanja vyake. Vietnam ilipouangusha utawala wa Khmer Rouge nchini Kambodia Januari 1979, ilizungumzia uchokozi wa mpakani na uasi wa Wakamboja wenyewe. Ya tatu ni Vita vya Kagera, ambavyo nitavikalia kidogo kwa kuwa vinaonyesha waziwazi jinsi sababu inavyobadilika njiani.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka wa Tanzania, na Novemba 1 Amin akatangaza kwamba ardhi ya kaskazini mwa Mto Kagera sasa ni ya Uganda. Raia waliuawa, mifugo ikaswagwa, daraja la Kyaka likalipuliwa. Mwalimu Nyerere, akilihutubia taifa, alitaja mambo matatu ambayo wasemaji wa Kiswahili wameyakariri tangu hapo: uwezo, sababu na nia ya kumpiga vyote vipo. Sababu ile haikuhitaji mwanasheria. Nchi imevamiwa, mvamizi atolewe.

Akatolewa. Ndipo likaja swali la 1991 kabla ya 1991: tusimame hapa? Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukutaka kumlaani Amin, na mtu aliyevamia mara moja angeweza kurudi. Nyerere akaeleza kwamba kuna vita viwili: vya Watanzania kulinda usalama wao, na vya Waganda kumwondoa dikteta wao. Februari 1979 Masaka ikatekwa. Libya ikapeleka askari kumsaidia Amin. Aprili 11 Kampala ikaanguka, na kwenye mkutano wa Umoja huo Monrovia Julai mwaka huo Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliikosoa Tanzania kwa kuvunja mwiko wa kuingilia nchi nyingine.

Maoni yangu ni haya. Mpaka mpakani hakuna wa kulaumu. Mpaka Masaka hoja ya kumzuia asirudi bado inabeba mzigo. Kampala ilihitaji sababu ya pili, ile ya Waganda, na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni walikuwa wachache mno kuibeba bila jeshi la Tanzania. Sijutii Amin kuondoka, na sidhani wapo wengi wanaojuta. Lakini vita vilivyoanza kwa kazi ya wiki kadhaa viliwaweka askari wa Tanzania Uganda hadi 1981, kwa kuwa anayeangusha serikali hulazimika kuishika nchi mpaka apatikane wa kumkabidhi.

Baadaye utetezi wa kibinadamu ulijitokeza kwa jina lake. NATO iliipiga Yugoslavia kwa siku 78 mwaka 1999 kwa ajili ya watu wa jimbo lake la Kosovo, bila ruhusa ya Baraza la Usalama, na tume huru iliyoongozwa na Richard Goldstone ikafikia hitimisho lisilo la kawaida: kitendo kilikuwa kinyume cha sheria, lakini kilikuwa na uhalali. Mwaka 2005 viongozi wa dunia wakakubaliana juu ya wajibu wa kulinda: serikali ikishindwa waziwazi kuwalinda watu wake dhidi ya mauaji ya kimbari na maovu ya aina hiyo, dunia ichukue hatua kupitia Baraza la Usalama.

Libya ikawa mtihani. Azimio namba 1973 la Machi 17, 2011, lililopita kwa kura 10 huku nchi tano zikijizuia, liliruhusu nguvu kuwalinda raia, hasa wa Benghazi. Benghazi ilisalimika ndani ya siku chache. Ndege ziliendelea miezi saba, mpaka Muammar Gaddafi akauawa Oktoba 20. Kulinda raia kulikuwa kumegeuka kuangusha serikali bila mtu yeyote kurudi Barazani kuomba sababu mpya. Urusi na China zilisema zimedanganywa, na Oktoba hiyohiyo zikapiga kura ya turufu dhidi ya azimio la kuilaani Syria. Sidai kwamba bila Libya wangeinusuru Syria, maana Urusi ilikuwa na maslahi yake huko. Ila walipewa kisingizio ambacho kingeweza kuepukwa.

Furushi

Turudi Iraq ya 2003. Azimio la Bunge la Marekani la Oktoba 2002 lilirundika sababu: silaha za maangamizi, uhusiano na magaidi, ukatili kwa raia, jaribio la mwaka 1993 la kumuua Bush mkubwa, kurushiwa risasi kwa ndege za doria, kukaidi maazimio ya Umoja wa Mataifa. Uingereza ilikuwa na shida ya ziada, kwani mwanasheria wake mkuu alikuwa ameonya kwamba kuangusha serikali hakuwezi kuwa msingi wa kisheria wa vita. Kwa hiyo hoja yake ikarudi kwenye lile azimio la 1990: kwa kuwa Iraq imevunja masharti ya kusitisha vita, ruhusa ya zamani imefufuka. Ruhusa ya kuikomboa Kuwait ikatumika kuingia Baghdad.

Mei 2003 Paul Wolfowitz, naibu waziri wa ulinzi wa Marekani, alieleza katika mahojiano kwamba silaha za maangamizi zilifanywa sababu kuu kwa kuwa ndiyo hoja ambayo kila mtu ndani ya serikali aliweza kuikubali. Sioni hila katika maneno hayo, naona jinsi furushi linavyofungwa: kila mmoja anaingia na sababu yake, wanakubaliana kwenda, hawakubaliani wanaenda kufanya nini.

Na sababu tofauti hudai vita tofauti. Kama shida ni silaha, kazi ya kwanza ya askari ni kulinda maeneo ya silaha. Lakini kituo cha nyuklia cha Tuwaitha, kilichojulikana na wakaguzi wote, kiliporwa Aprili 2003. Kama lengo ni kujenga serikali mpya, unahitaji askari wengi wa kulinda mitaa. Jenerali Eric Shinseki, mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani, aliliambia Bunge Februari mwaka huo kwamba watahitajika laki kadhaa, akapuuzwa, na jeshi lililokwenda lilitosha kuangusha tu. Kisha Mei 23 mamlaka ya uvamizi ikalivunja jeshi zima la Iraq. Septemba 2004 ripoti ya Charles Duelfer, aliyeongoza kikosi cha kuzisaka silaha hizo, ikathibitisha kwamba akiba ya silaha zile haikuwepo. Sababu ya kwanza ikafa, lakini vita havikufa nayo. Ukombozi na demokrasia vilikuwa tayari ndani ya furushi, vikatolewa juu, na askari wa Marekani wakabaki hadi Desemba 2011.

Nilianza na vifaru vilivyosimama, na sitakuwa mkweli nikiviacha vikionekana safi. Katikati ya Februari 1991 Bush mkubwa aliwahimiza Wairaq wamwondoe Saddam wenyewe. Machi wakainuka, kuanzia Basra hadi Najaf na Karbala, na Wakurdi kaskazini. Kwenye mazungumzo ya kusitisha vita huko Safwan majenerali wa Iraq waliomba waruhusiwe kurusha helikopta, wakaruhusiwa, na helikopta hizo zikawashambulia waasi. Maelfu waliuawa huku jeshi la Marekani likiwa bado ndani ya Iraq, likitii sababu iliyokwisha. Zaidi ya Wakurdi milioni moja walikimbilia milima ya mpaka wa Uturuki na Iran, kwenye baridi, watoto wakifa njiani.

Aprili 5 Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 688 kulaani ukandamizaji ule na kudai misaada iruhusiwe. Halikutaja ruhusa ya kutumia nguvu, na wanasheria hawajaacha kuligombania. Lakini askari wa Marekani, Uingereza na Ufaransa waliingia kaskazini mwa Iraq na sababu mpya waliyoitamka wazi: watu hawa washuke mlimani wakiwa salama. Wakaliambia jeshi la Iraq liondoke Zakho, wakajenga kambi, wakazuia ndege za Saddam angani. Baghdad hawakuifuata. Familia zikaanza kurudi vijijini, na Julai mwaka huohuo askari wa nchi kavu wakavuka mpaka kurudi Uturuki.